Muda wa mapigo ya hita viwandani usiachwe kubahatishwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jambo linalokula fedha za viwanda vyetu bila kelele, nalo ni muda wa mapigo, yaani muda wa mzunguko mmoja wa kuwaka na kuzima, unaowekwa kwenye vidhibiti joto vya hita za umeme.

Kidhibiti cha aina hii hakipunguzi volti, bali huiwasha na kuizima hita kwa zamu. Kikihitaji asilimia 40 ya nguvu, na pigo zima likiwa la sekunde 20, hita huwaka sekunde 8 na kupumzika 12. Mafundi wengi huweka nyuzi za joto tu, muda wa pigo wakauacha kama walivyoukuta.

Siku ina sekunde 86,400. Kwa mashine isiyolala, pigo la sekunde 20 huifanya kontakta, yaani swichi ya sumaku inayoipelekea hita umeme, iunganishe umeme mara 4,320 kwa siku, na pigo la sekunde 2 mara 43,200. Kontakta yenye uwezo wa kuunganisha mara milioni moja ikiwa na mzigo itadumu zaidi ya miezi saba kwa mpangilio wa kwanza, na kwa wa pili siku 23 tu. Nimeona kiwanda kikilaumu umeme mdogo na vipuri bandia, ilhali pointi za kontakta zilikuwa zimeungua na kugandana kwa sababu hiyo tu.

Hata hivyo, kurefusha mapigo hakuifai kila mashine. Pipa la chuma la mashine ya mabomba ya plastiki ni zito, na joto lake hubadilika polepole kiasi kwamba sekunde 20 haziliathiri. Hita ya hewa yenye waya mtupu wa nikeli na kromiamu ni kinyume chake: kwa mapigo marefu utauona waya ukiwa mwekundu, ukififia, kisha ukiwa mwekundu tena, na kila mara hutanuka na kusinyaa hadi gamba la oksidi linaloulinda likapasuka na kubanduka. Hapo yanatakiwa mapigo ya sekunde 1 au pungufu, na kazi hiyo ni ya relei ya kielektroniki, yaani swichi isiyo na pointi zinazogusana, si ya kontakta.

Relei hiyo nayo hutoa joto la takriban wati 1 kwa kila ampea, kwa hiyo ikifungwa kwenye paneli isiyopitisha hewa, bila bati la kupoozea, itakufa. Na mara nyingi hufa ikiwa imeunganisha umeme, hita ikaendelea kuwaka. Ndiyo maana sikubaliani kabisa na wanaoiondoa kontakta wakishafunga relei. Ibaki, ikate umeme kwa amri ya kikomo cha joto kinachojitegemea, yaani kifaa cha pembeni kinachotambua joto likizidi.

Naviomba vyuo vya ufundi stadi, VETA vikiwemo, viwafundishe vijana kuwasha hita, kuandika joto kila baada ya sekunde chache, na kuchagua pigo ambalo ni sehemu ndogo tu ya muda ambao mashine huchukua kuitikia. Wenye viwanda nao waandike muda uliochaguliwa kwenye mlango wa paneli, ili fundi wa zamu ya usiku anayebadilisha kidhibiti asilazimike kukisia.

Fundi umeme wa viwandani,
Dar es Salaam