Binamu, stempu usizioshe tena

Binamu yangu,

Shangazi hajambo. Goti tu ndilo linalomsumbua msimu huu wa mvua, na amenituma nikwambie kwamba simu zako za Jumapili zimeadimika. Ujumbe wake umefika. Haya mengine ni yangu, na nimeamua kuyaandika hadharani kwa sababu najua si wewe peke yako huko ughaibuni unayemkusanyia ndugu yako stempu kwa moyo safi na kumtumia nyumbani zikiwa zimetakata.

Mzigo wako ulifika salama. Stempu 41 za Jamaica, Trinidad na Barbados: kila moja umeilowesha, ukaibandua, ukaikausha ndani ya kitabu kizito, kisha ukazipanga zote kwa rangi. Najua kazi hiyo ilikula usiku wako mwingi baada ya zamu, na asante yangu ni ya kweli. Lakini nilipozitandaza mezani nilinyamaza kwa muda mrefu. Stempu 41 maana yake zilikuwepo bahasha 41, na bahasha hizo sasa hazipo.

Ile ya 42 hukuigusa. Uliambatanisha kikaratasi ukisema imechakaa, imepasuliwa ubavuni na kuzibwa kwa karatasi iliyofubaa, hujui kama nitaitaka. Binamu, hiyo ndiyo niliyokuwa naitaka. Ngoja nikusomee ilivyo.

Imetoka Port of Spain, Trinidad, mwaka 1942. Ubavu wa kushoto umepasuliwa kwa kisu cha mtu aliyeizoea kazi, maana mstari umenyooka kama wa rula. Juu ya mpasuo kuna ukanda wa karatasi uliokunjwa kutoka mbele hadi nyuma, wenye maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba barua imefunguliwa na mkaguzi. Pembeni, kwa herufi ndogo sana, pameandikwa P.C. 90. Hiyo ni nambari ya fomu: serikali ya Uingereza ilipoanza kukagua barua mwaka 1939, Vita Kuu ya Pili ilipoanza, ilitumia ukanda wa P.C. 66, baadaye ikaja hii P.C. 90. Halafu kuna I.E. na tarakimu 4. I.E. ndiyo Trinidad. Ingekuwa I.C. tungesema Bermuda. Zile tarakimu 4 ni mtu. Kila mkaguzi alikuwa na nambari yake, ili barua ikileta matatizo mbele ya safari ijulikane nani aliipitisha. Jina lake silijui, ila najua aliketi Port of Spain siku moja ya mwaka 1942, akaisoma barua ya mtu asiyemfahamu, akaona haina neno, akalamba gundi, akaifunga.

Stempu ingeniambia jambo moja tu, kwamba nauli imelipwa.

Utauliza kwa nini Trinidad, kisiwa kidogo hivyo. Fungua ramani. Kisiwa kimekaa mlangoni mwa Amerika Kusini, karibu kabisa na pwani ya Venezuela. Barua za kutoka Brazil, Argentina au Venezuela kwenda Ulaya na Marekani, kwa meli au kwa ndege, nyingi zilipita hapo. Uingereza ikaweka hapo kituo kikubwa cha kukagua, na hakikuishia kwenye barua za Watrinidad. Magunia ya barua zilizokuwa zikipita njia tu yalishushwa, yakafunguliwa, yakasomwa, yakafungwa, yakapakiwa tena. Ndiyo maana unaweza kukuta bahasha iliyotoka Buenos Aires kwenda Lisbon ina ukanda wa Trinidad ubavuni, ingawa aliyeiandika pengine hakuwahi hata kukitaja kisiwa hicho.

Bermuda iko mbali kaskazini, na si Karibiani kwa hesabu ya wanajiografia. Sisi wakusanyaji tunaiweka humo hata hivyo, kwa sababu barua haziheshimu mipaka ya vitabu. Hoteli ya Princess mjini Hamilton iligeuzwa ofisi ya wakaguzi. Kazi iliposhamiri walifika zaidi ya 1,000, wengi wao wasichana walioletwa kutoka Uingereza. Ndege kubwa za kampuni ya Pan American, zile za kutua majini, zilikuwa zikitua Bermuda safarini kati ya New York na Lisbon. Mwanzoni mwa 1940 Waingereza wakaanza kushusha mifuko yake ya barua. Wamarekani walikasirika sana, kwani wakati huo hawakuwa vitani bado. Meli nazo hazikupona. Oktoba 1940 meli ya Excalibur ilipopekuliwa huko, zilikutwa mamia ya picha za wachoraji wakubwa wa Ufaransa, nyingi za Renoir, zikipelekwa New York. Zilikamatwa, zikahifadhiwa Ottawa, Kanada, hadi baada ya vita.

Bermuda ndiko pia kulikozuka kisa cha Joe K. Barua zilikuwa zikitoka New York kwenda Hispania na Ureno, zimeandikwa kama za mfanyabiashara, zimetiwa sahihi hiyo. Mkaguzi mmoja, Nadya Gardner, alizitilia shaka. Zilipojaribiwa kwa dawa, nyuma ya karatasi yakajitokeza maandishi ya wino wa siri uliotengenezwa kwa dawa ya kawaida ya maumivu ya kichwa. Mwandishi alikuwa Kurt Ludwig, mpelelezi wa Ujerumani. Alikamatwa 1941, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka 20. Kwa hiyo ukikuta barua ya miaka ile ina michirizi ya rangi iliyopita juu ya maandishi, usidhani ni chai iliyomwagika. Huenda ni brashi ya mtu aliyekuwa akitafuta wino usioonekana.

Nakuomba lakini usizisome bahasha hizi kama hadithi za wapelelezi peke yake. Wapelelezi walikuwa wachache mno. Waliosomewa barua zao walikuwa mama, wachumba, wakulima, makarani, wauza maduka, watu wa makoloni ambao hawakuulizwa kama wanakubali. Na sheria zilezile za vita zilizoruhusu bahasha kupasuliwa ziliruhusu pia watu kuwekwa kizuizini bila kesi. Jamaica, Alexander Bustamante, kiongozi wa wafanyakazi, alizuiliwa kambini Up Park kuanzia Septemba 1940 hadi Februari 1942. Baadaye ndiye aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza wa Jamaica huru. Trinidad, Tubal Uriah Butler, aliyewaongoza wafanyakazi wa visima vya mafuta, alikaa kizuizini kwa muda wote wa vita, kwenye kisiwa kidogo cha Nelson. Hitler alipaswa kushindwa, sina ubishi na hilo. Bado nikiushika ule ukanda wa karatasi nahisi mkono wa mtawala ndani ya mfuko wa mtawaliwa, na ningependa wewe nawe uuhisi.

Kambi zenyewe zina barua zake. Pale Mona, Kingston, ilijengwa kambi ya watu waliohamishwa kutoka Gibraltar, koloni la Uingereza kusini mwa Hispania. Karibu 1,500 walifika mwaka 1940, wengi wao wanawake, watoto na wazee, kisha wakaja wakimbizi Wayahudi kutoka Ulaya. Leo mahali hapo ni chuo kikuu cha West Indies. Barua iliyotoka Mona kwenda kwa mume aliyebaki Gibraltar ilipita mikononi mwa wakaguzi kabla mume hajasoma kwamba mtoto ameanza kutembea. Upande wa Waholanzi, Ujerumani ilipoivamia Uholanzi Mei 1940, Wajerumani waliokuwa wakiishi kwenye visiwa vyao vya Curaçao na Aruba walikusanywa na kufungiwa kisiwa cha Bonaire. Martinique nayo ilikuwa chini ya Admirali Robert, aliyeitii serikali ya Vichy, ile ya Ufaransa iliyoshirikiana na Ujerumani, hadi Julai 1943, huku tani 286 za dhahabu ya benki kuu ya Ufaransa zikilala ngomeni Fort Desaix. Barua ya Martinique ya miaka hiyo, ikiwa nzima, na mihuri yake ya pande mbili zisizoaminiana, naitamani kuliko stempu yoyote.

Halafu fikiria ambazo hazikufika. Meli za Kanada walizoziita Lady zilikuwa zikipeleka abiria, mizigo na barua kati ya Kanada na visiwa. Lady Hawkins ilizamishwa Januari 1942, watu wapatao 250 wakafa. Februari nyambizi za Ujerumani zikashambulia Aruba, penye kiwanda kikubwa cha kusafisha mafuta, na moja ikaingia hadi bandari ya Port of Spain. Machi, Lady Nelson ikapigwa ikiwa gatini Castries, St Lucia. Mei ikawa zamu ya Lady Drake. Bahasha yako ya 1942 ilisafiri katika bahari hiyo. Ndiyo maana wakaguzi walikuwa wakali mno kwa neno lolote linalotaja meli. Sentensi kama "baba ameondoka Jumanne kwa meli fulani" ilikatwa kwa wembe, na barua ikafika na dirisha katikati.

Umeniuliza mara mbili kwa nini mimi, mtu wa Dar es Salaam, nihangaike na visiwa vya mbali namna hii. Jibu lilianzia hapahapa mjini. Katika Vita Kuu ya Kwanza, kikosi cha West India Regiment kililetwa Afrika Mashariki, mwaka 1916, na kilikuwa miongoni mwa majeshi yaliyoingia Dar es Salaam mji uliposalimu amri Septemba mwaka ule. Vijana weusi wa Jamaica na visiwa vingine walitembea kwenye barabara hizi ninazopita kwenda kazini, wakaugua malaria yetu, na walioweza kuandika waliwaandikia mama zao. Barua ya askari haikuondoka kabla afisa hajaisoma. Kwao nako, mwaka huohuo, Jamaica ilikuwa ikichapa maneno ya kodi ya vita juu ya stempu zake ili kuchangia gharama. Bahasha ya namna hiyo, iliyotoka kwetu kwenda Jamaica, bado sijaipata. Natafuta.

Basi nikueleze unavyoweza kunisaidia, kwa kuwa nataka uendelee. Ukifika tena pale sokoni Birmingham ukakuta boksi la bahasha kuukuu, acha maji na mkasi nyumbani. Bahasha ibaki ilivyo, na barua ikiwa ndani ibaki ndani. Zile za kawaida hazina bei kubwa, hasa za Trinidad, kwa sababu zilikaguliwa kwa wingi mno. Wauzaji wengi huangalia stempu tu, na hilo litakusaidia. Geuza utazame nyuma, penye mihuri ya njiani. Angalia kama chini ya ukanda kuna mpasuo wa kweli. Wako watu wanaobandua ukanda kwenye bahasha moja na kuupachika kwenye nyingine ili wapandishe bei, na bahasha yenye ukanda bila mpasuo ni ya kutiliwa shaka. Mhuri wa mkaguzi ukipita juu ya ukanda na juu ya bahasha kwa pamoja, hiyo ni dalili nzuri. Postikadi usishangae ikiwa na mhuri peke yake, kwani haikuwa na cha kufunguliwa.

Bahasha iliyochafuka ya duka la vitambaa naipenda kuliko ile safi yenye stempu nyingi kupita nauli, ambayo mkusanyaji wa enzi zile alijitumia mwenyewe. Ila hata wakusanyaji hao walikuwa na shida zao. Stempu zenyewe zilihesabiwa kuwa mali ya kuzuiwa vitani, kwa kuwa adui angeweza kuziuza nje na kujipatia fedha za kigeni. Ipo mihuri inayosema barua imeachiwa na mahakama ya mali zilizotekwa baharini, na barua hizo zilimfikia mwenyewe vita vikiwa vimekwisha.

Usitumie selotepu. Usizitie kwenye plastiki laini ile inayonuka, kwa joto la huku hulainika na kushika wino. Weka kila moja ndani ya bahasha ya karatasi safi, kati ya kadibodi 2, na andika kwa penseli mahali ulipoinunua. Huku mimi napambana na unyevu wa bahari na wadudu wala karatasi, lakini nina sanduku la bati na nalifungua kila Jumamosi zipate hewa.

Sasa lililonifanya nisilale. Kwenye simu ulisema karatasi ulizobandua stempu uliziweka kwenye boksi la taka za karatasi, na gari hupita Alhamisi, wiki moja linapita, inayofuata halipiti. Leo ni Jumatatu. Kama wiki hii si zamu yenu, huenda bado zipo. Tafadhali shuka ukatazame. Hata zikiwa na tundu pembeni ilipokaa stempu, nazitaka zote, na nasaha yangu ni uanze na zenye ukanda ubavuni. Halafu nitazamie kama kuna nyingine yenye I.E. na tarakimu 9073, maana ndiye mkaguzi wa hii yangu, na ningependa kujua kama alishika barua zaidi ya moja za familia hiyo. Nipigie ukishaona, hata kama ni usiku huku.

Binamu yako