Shukrani kwa dada wa dirisha la dozi

Dada, jina lako hatulijui, kitambulisho chako kila mara kilikuwa kimegeuka. Asante.

Tangu methadoni, dawa ya kunywa ya kuwatibu waraibu wa unga (heroini), ianze kutolewa Hospitali ya Muhimbili mwaka 2011, wengi wanadhani kazi ya dirishani ni kumimina dawa tu. Wewe ulisubiri mtu ameze, ukampa maji, ukamtaka aseme neno moja, maana mwenye dawa shavuni hawezi kusema. (Na ya shavuni huuzwa.)

Asante kwa ukali wako wiki ile ya kwanza. Dozi huanza chini, miligramu 20 hadi 30, na arosto, yale maumivu ya kukosa unga, bado inauma. Mgonjwa anataka aongezewe leo leo. Lakini methadoni hukaa mwilini zaidi ya siku, ya leo inaikuta ya jana, na mrundikano huo unaweza kukata pumzi, hasa akichanganya na valiamu au pombe. Aliyekosa siku kadhaa mfululizo hukumrudishia dozi ya zamani kabla daktari hajampima upya, kwa kuwa mwili hupoteza uzoefu wa dawa haraka.

Arosto ikitulia, yaliyokuwa yamezimwa na unga huamka: ndoto za kipigo, moyo kwenda mbio. Hukumlazimisha mtu asimulie. Ulimwambia akanyage sakafu kwa nyayo zote mbili, ataje vitu vitano anavyoviona, atoe pumzi polepole kuliko alivyoivuta. Foleni nyuma yake ikinung'unika, na wewe huna haraka.

Kikombe chako cha bluu umekisahau. Kipo juu ya kabati.