Usinunue waridi

Nyegezi, Mwanza
27 Septemba

Mpendwa shoga yangu Neema,

Salamu nyingi. Sisi wazima, joto tu ndilo linatusumbua. Picha za uwanja wa nyumba yako ya Buswelu, hapahapa Mwanza, nimeziona, na swali lako la nini upande nimelipata. Kwanza nakuomba: usinunue waridi. Najua kwenu Lushoto yanaota hadi watu wanayachoka, lakini kule kuna ukungu na ubaridi. Huku ni jua na majabali.

Mimi nilishaingia mkenge. Nilinunua miche sita ya waridi na magunia ya ukoka, muuzaji akiniapia kwamba havina shida. Kufika Julai, mvua hakuna. Yale majabali nyuma ya nyumba ukiyagusa saa mbili usiku bado yana moto wa mchana. Kila jioni nikabeba ndoo nne, na bomba lenyewe lilikuwa linatoka siku mbili kwa wiki. Mwisho wa Agosti nilibaki na waridi moja, ukoka umekuwa kama mswaki wa zamani. Siku hiyohiyo nikainua macho: juu ya jabali, kwenye ufa usiotosha kuingiza ngumi, mshubiri umesimama na maua mekundu. Nani aliumwagilia? Nilicheka peke yangu.

Tangu hapo natazama kwanza kinachoota chenyewe. Udongo wetu huu wa luseni, wa kichanga, haushiki maji, ukimwaga, yameshapita. Kwa hiyo mshubiri unaupenda. Ukiubembeleza kwa maji kila siku unaoza shina. Vivyo hivyo ile mimea ya majani yaliyosimama kama panga, yenye kingo za njano. Iweke hata kwenye kopo, isahau.

Kwa rangi, panda bogenvilia. Miezi ya kwanza umwagilie kila baada ya siku tatu hivi, mizizi ishike, halafu punguza. Watu wengi wanakosea hapa: wanaijaza maji na mbolea, inawapa majani tele na maua hakuna. Ikimaliza kuchanua, ikate bila huruma, maana maua huja kwenye matawi mapya. Ina miba, usiipande njia wanapopita watoto.

Kwenye ule mteremko wako weka mchaichai kwa mstari wa kukinga maji. Mizizi yake inashika udongo, na chai unayo. Minyaa ya uzio umeikuta hapo, iache, ila ukiikata vaa kitu machoni. Utomvu wake ukiingia jichoni utalia siku nzima, na si kilio cha mchezo.

Usipande chochote wiki hii. Subiri vuli ishike, mvua mbili tatu za maana, ndipo uchimbe. Changanya samadi iliyooza, kisha funika shina kwa nyasi kavu, ukiacha nafasi kidogo zisiliguse. Mche uliopandwa Oktoba au Novemba unaifikia Juni ukiwa na mizizi ya kutosha.

Njoo Jumamosi mapema. Nitakukatia vijiti vya bogenvilia vya unene wa kidole, na machipukizi ya mshubiri yamejaa hadi yanasukumana. Uje na ndoo mbili na gunia. Sato nitapika mimi, ndimu ulete wewe.

Wako,
Mama Kulwa