Barua kwa Rukia, Wesha, Pemba

Jambiani, Unguja

Shoga yangu Rukia,

Assalaam alaykum. Huku wazima, ila bibi mguu bado unamsumbua. Ya Mwanajuma nitakuhadithia tukionana, hayaandikiki.

Nimeziona picha za vyumba vyako vya wageni. Mashaallah, vitanda vimependeza. Lakini ile uliyoipiga maji yamejaa pomoni, ukaandika chini yake kwamba mgeni ataogelea saa zote, hiyo itakutia mashakani. Huku ndiyo ugomvi wa kila bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana. Mtu katoka Ulaya, keshalipa nauli, keshalipa dola 44 za bima ya kuingilia Zanzibar, asubuhi anatoka na taulo begani, bahari imekwenda zake mpaka mwambani! Anaona kaibiwa. Hoteli moja ya jirani mgeni alidai arejeshewe pesa, utafikiri meneja ndiye aliyeyavuta maji.

Mimi nawaambia kabla hawajalipa: maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kesho yatachelewa kiasi cha dakika 50 kuliko leo. Anayetaka kuogelea wakati wowote namwambia ende Nungwi, kule kaskazini, maji hayaendi mbali. Wako waendao, kweli, na roho inaniuma. Lakini wanaobaki ndio wanaorudi. Sasa hivi ninao mke na mume Wajerumani, wamerudi wenyewe. Maji yakipwa tu wanashuka na kina mama kwenye mwani. Mume kajifunza kufunga miche kwenye kamba. Anafunga ovyo, Bi Mize anafungua kwa siri na kufunga upya. Na nyumba yangu unaijua: bwawa hakuna, feni inalia kama kuku anayetaga. Hawajanung'unika. Wananung'unikia papasi wa mjini tu, wale wanaowaganda watalii, na hapo nawaunga mkono.

Basi wanataka kuja Pemba, nimewatajia kwako. Wanakitaka kisiwa cha Misali na popo wa Kidike. Nijibu kweli shoga: umeme ukikatika una jenereta? Boti ya Misali anaendesha nani siku hizi, bado ami yako, au keshauza mashine? Kusi likivuma atasema leo hakwendeki, au atawapakia apate chake? Na mbele ya nyumba maji yakitoka panabaki nini, matope ya mikoko? Matope si neno, niambie tu niwaambie. Na ile picha utaitoa lini?

Wako,
Salma