Barua ya malalamiko: Nilinyang'anywa maiki kabla Mary Jane hajafunga mlango

Kwa Meneja,
Duka la Vitabu vya Katuni,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUDHALILISHWA KWENYE JIONI YA MJADALA, PAMOJA NA KITABU AMBACHO SIKUKIAGIZA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Natumaini hamjambo hapo dukani. Mimi sijambo, ila nina hasira. Nimesubiri siku nne ipungue ndipo niandike, haikupungua. Nitajitahidi kuandika kwa heshima kwa kuwa nimenunua kwenu miaka sita, na mlinzi wenu wa mlangoni ni mtu mwema sana. Salamu zangu zimfikie yeye kwanza.

Utaratibu wa mjadala wa Jumamosi, ule wa katuni za Spider-Man, mnaujua wenyewe, mmeuchapa nyuma ya tiketi. Dakika tano kila mzungumzaji. Mimi nilikuwa wa nne. Watatu walionitangulia ni vijana, na wa pili alitumia dakika tisa (nilitazama saa) kutueleza kwamba Felicia Hardy ndiye aliyemfaa Peter Parker, yaani Spider-Man akivua barakoa, hoja yake kubwa ikiwa ni nguo anazovaa. Hakuguswa. Wala hakuna aliyemkumbusha kwamba Felicia, tangu alipoingia kwenye kisa mwaka 1979 akiwa mwizi wa usiku, alimpenda Spider-Man, si Peter. Siku barakoa ilipovuliwa akaona uso wa kijana wa kawaida mwenye madeni, mapenzi yakaanza kupoa. Nilikuwa na jibu lake tayari nimeliandika kwenye daftari. Bado liko kwenye daftari.

Zamu yangu ilipofika nilisimama na kitabu changu mkononi, nikaanza na toleo namba 121 la Amazing Spider-Man, la Juni 1973. Nilikuwa dakika ya tatu. Nilishamaliza ya darajani, nilishamaliza ya adui yake Green Goblin, nafungua ukurasa wa mwisho wa namba 122 niwaonyeshe watu picha za mlango, MC wenu akanijia kwa nyuma, akachomoa maiki mkononi mwangu, akasema: "Bi mkubwa, hayo ya mapenzi peleka kwenye taarab. Hapa tunaongelea mashujaa." Ukumbi ukacheka. Akawasha muziki.

Ndugu Meneja, mada mliibandika wenyewe kwenye kioo cha duka kwa herufi kubwa: GWEN AU MARY JANE, NANI ALIMFAA PETER PARKER? Kama hayo si ya mapenzi ni ya nini? Ya kilimo?

Kwa kuwa nilikatwa, nitamalizia hapa hapa. Dakika zangu mbili bado mnazo.

Nilichokuwa nasema ni hiki. Watu wanabishania Gwen na Mary Jane kama wanavyobishania Simba na Yanga, wakati kisa chenyewe kilishaamua kwenye ukurasa usio na ngumi hata moja. Gwen Stacy, mpenzi wa Peter, alirushwa na Goblin kutoka darajani, Peter akamdaka mguu kwa utando, na karibu na shingo yake pakaandikwa mlio mdogo wa kitu kuvunjika. Mpaka leo wasomaji wanalumbana kama aliyemuua ni Goblin au ni ule utando. (Daraja lenyewe maandishi yalisema ni George Washington, mchoro ukafanana na Brooklyn. Nilitaka kulisema na hilo, watu wangecheka kicheko kizuri, si kile nilichopewa.) Toleo linalofuata Goblin anauawa na chombo chake mwenyewe cha kurukia, Peter anarudi nyumbani, na anayemkuta pale ni Mary Jane. Yule yule wa madansi na kucheka na kila mtu, ambaye hakuna aliyemchukulia kwa uzito. Amekuja kutoa pole. Peter anamkaripia, anamwambia yeye hata mama yake mzazi akifa hatasikitika. Msichana analia. Anaelekea mlangoni, anaushika mlango, anasita. Halafu anaufunga, yeye mwenyewe akiwa ndani.

Basi. Hakuna busu wala hotuba. Sisi tuliokaa matanga tunamjua mtu wa namna hiyo, yule anayetukanwa na mfiwa na bado hachukui viatu vyake.

Na hapo sijafika namba 259 ya mwaka 1984, Mary Jane anapomsimulia Peter maisha yake: baba mkali aliyeivunja nyumba, mama aliyekufa, dada aliyetelekezwa na mume, naye akamkimbia dada huyo badala ya kumsaidia. Rudi usome namba 122 ukiyajua hayo. Kumbe alipotukanwa kwa mama yake, mama huyo alikuwa ameshazikwa. Na kumbe alipousimamia ule mlango alikuwa anajua vizuri sana kukimbia, ameshawahi kufanya hivyo. Ndiyo maana siku ile hakukimbia. Ilichukua miaka kumi na moja msomaji kuonyeshwa hilo. MC wenu hakunipa dakika mbili.

Kwenye fomu yenu nilijaza pia kwamba nitagusia wahusika wa pembeni. MC aliisoma kwa sauti, akasema "wapita njia hao". Wapita njia! Mary Jane aliletwa na nani? Ni wanawake wawili watu wazima, majirani wa Queens huko New York, May aliyemlea Peter, na Anna Watson. (Wengi humwita May shangazi. Kwetu mke wa kaka wa baba ni mama mkubwa, na ndivyo nitakavyomwita.) Tangu 1964 mama mkubwa anamsihi kijana akamwone mpwa wa jirani, na kijana anakwepa kama anavyokwepa mwenye nyumba mwisho wa mwezi. Namba 25 msichana akaja, uso wake ukafichwa msomaji asiuone. Namba 42, Novemba 1966, ndipo John Romita akamchora mlangoni, nywele nyekundu, na Peter akabaki mdomo wazi. Tazama, hata siku ile ilikuwa mlango. Na Betty Brant je, karani wa Jameson mwenye gazeti, aliyempenda Peter kabla ya hao wote, akapoteza ndugu yake kwenye vurugu za Spider-Man na Doctor Octopus? Na Robbie Robertson, mhariri mweusi aliyeingia gazetini mwaka 1967, anayeongea taratibu Jameson anapobweka? Toa hao wote. Kinachobaki ni kijana aliyevaa nguo ya kubana anapigana na mtu mwenye mikono ya chuma, na hicho mnacho kwenye kila rafu.

Nisisahau kitabu. Ukweli ni kwamba Jumamosi sikutaka hata kuja, kwa sababu ya kitabu. Nilikuja kwa kuwa mpwa wangu wa miaka kumi na minne alinibembeleza wiki nzima.

Niliagiza kwenu kitabu chenye harusi ya Peter na Mary Jane ya mwaka 1987, ile ya toleo maalumu la kila mwaka, namba 21, nikalipa shilingi 65,000 zote kabla, kama mnavyotaka. Mzigo ulipofika nikakuta mmeniwekea kisa cha 2007, kile ambacho Peter na Mary Jane wanaiuza ndoa yao kwa shetani Mephisto ili mama mkubwa May asife kwa risasi. Miaka ishirini ya ndoa inafutwa, asubuhi mtu anaamka kapera. Niliagiza kadi ya harusi, mkaniletea talaka! Nilipopiga simu, dada wa kaunta akaniambia, "Si vyote ni vya ndoa yao hao hao?" Siku zenu za kurudisha bidhaa mnazijua, mimi nilirudisha siku ya pili yake. Hii ni wiki ya sita. Kitabu sina, hela sina, na kila nikiuliza naambiwa mhusika ametoka kidogo.

Na huyo mhusika ndiye aliyekuwa MC. Nilimtambua kwa sauti.

Naomba nirudi kwenye lile tukio, kwa sababu nimelieleza kwa haraka, na nyie hamkuwa mmesimama nilipokuwa nimesimama mimi. Kitabu nilikuwa nimekishika kwa mkono wa kushoto, kimefunguliwa, kidole kwenye picha ya mwisho. Nilikuwa nimeshatamka "akaushika mlango". Sikuona anakuja. Nilihisi maiki inavutwa, nikadhani ina hitilafu, nikaiachia mwenyewe. Ndiyo, niliiachia kwa adabu, nikidhani nasaidiwa! Akasema maneno yake ya taarab. (Na taarab ina kosa gani? Mwimbaji wa taarab anaweza kumsema mtu usiku kucha bila kumtaja jina. Angekuwa na ustadi huo nisingeandika barua hii.) Nikanyoosha mkono kuidai. Akainyanyua juu ya kichwa chake, juu kabisa, kama mtu anayemchezea mtoto kwa pipi. Nikabaki mkono hewani. Hapo ndipo walipocheka, si kwenye taarab. Kwenye taarab walicheka wachache tu. Mkono wangu ulipobaki juu ndipo walipocheka wote.

Nikamtafuta mpwa wangu kwa macho. Alikuwa mstari wa tatu, anatazama viatu vyake.

Siwezi kuandika zaidi kuhusu hilo.

Wakati wa kutoka, kijana mwingine wa kwenu akanizuia nifungue mkoba, eti nimeonekana na kitabu mkononi. Kitabu changu! Kina jina langu ukurasa wa kwanza na alama ya kikombe cha chai ya mwaka juzi. Akakipekua mbele ya foleni, akanirudishia bila kusema samahani. Mlinzi wenu ndiye aliyesema, "Pole, mama," na akamfungulia mpwa wangu mlango.

Jumatatu nilipiga simu. Nikaambiwa jambo limepokelewa na litafanyiwa kazi. Jana nikaambiwa MC alikuwa "anatania tu" na kwamba wateja wengine walifurahi. Sina shaka walifurahi.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikusudia kuomba mambo mawili: mnirudishie kiingilio, shilingi 10,000 mara mbili, yangu na ya mpwa wangu, na mniombe radhi kwa maandishi. Sasa naona ni kidogo. Nataka na zile 65,000 zirudi, au kitabu cha harusi, chenyewe, si ndugu yake. Na radhi sitaki ya maandishi. Nataka kwenye mjadala wenu ujao MC huyo huyo asimame mbele ya watu, anipe maiki kwa mikono miwili, na nipewe dakika zangu tano. Sisemi mbili nilizobakiza, nasema tano, nianze upya tangu darajani. Asikae jukwaani wakati naongea. Akae mstari wa tatu.

Nawapa siku saba tangu siku mtakapoipokea barua hii. Zikipita bila majibu nitaipeleka Tume ya Ushindani nikiwa na risiti, ujumbe wa malipo ya simu na tiketi zote mbili, wanieleze wao kama mteja wa Dar es Salaam anatakiwa kulipia harusi na kupokea talaka. Pia tuko wanawake kumi na wawili tunaosoma pamoja kila Jumapili, na wote mnatuuzia nyinyi. Nimewasomea rasimu ya barua hii. Wawili walitaka twende dukani siku hiyo hiyo. Nimewazuia, lakini sitawazuia mara ya pili.

Natanguliza shukrani kwa ushirikiano wenu.

Wenu mteja,

(Saini)
Mwenye tiketi namba 47

Nakala: Mlinzi wa mlangoni, kwa taarifa.

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha nimepigiwa simu na dukani kwenu. Sio kuhusu malalamiko. Ni kunikaribisha kwenye mjadala wa mwezi ujao, kiingilio kimepanda kuwa 15,000, na mada ni "Wapenzi wa Spider-Man". Siku saba nimezifuta. Ni tatu.