Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Vikao vya kamati tendaji vimefanyika, mafunzo ya ulinzi wa data yametolewa, hesabu zimekaguliwa na mweka hazina atazisoma. Hayo mnayajua.

Nizungumzie uamuzi uliozua maneno mengi: kupiga marufuku programu za bure za akili mnemba kwenye nyaraka za chama chetu cha watu wa usimamizi wa vihatarishi. Nimeitwa adui wa teknolojia. Niliusimamia uamuzi huo na bado ninausimamia. Barua ya malalamiko ya mwanachama dhidi ya mwajiri wake, jina na namba ya simu vikiwamo, ilibandikwa nzima kwenye programu ya aina hiyo ili inyooshwe lugha. Lugha ilinyooka. Lakini barua sasa imo kwenye seva za kampuni ambayo hatuna mkataba nayo, na masharti yake yanairuhusu kufunzia modeli zake, yaani mifumo inayozalisha majibu, kwa maandishi ya watumiaji. Tukiifuta kwetu, kule inaweza kubaki. Na aliyeibandika alikuwa na nia njema kabisa, ndiyo maana onyo la mdomo lisingetosha.

Mwaka 2023 Samsung nayo ilizuia zana hizi baada ya wahandisi wake kuingiza msimbo wa siri wa programu za kampuni kwenye ChatGPT. Kiwango cha kimataifa cha kusimamia mifumo ya akili mnemba, ISO/IEC 42001, kilitoka mwaka huohuo. Sheria ya akili mnemba ya Umoja wa Ulaya ilipata nguvu ya kisheria Agosti 2024, na kwa matumizi yaliyokatazwa faini hufika euro milioni 35 au asilimia 7 ya mauzo ya dunia nzima. Chama cha watu wa vihatarishi hakiwezi kuwa nyuma ya hayo.

Wala hatukufunga mlango. Ipo fomu ya kuomba ruhusa ya kutumia programu hizi, na rasimu yake niliiandika mwenyewe: programu gani, data gani inaingia, inahifadhiwa wapi, nani anawajibika, nani anahakiki majibu kabla hayajatumika. Waliolalamika zaidi hawajaijaza. Siku ya kuujadili uamuzi huu hawakuja pia. Akidi tuliipata kwa shida.

Zaidi ya nusu yetu hatujalipa ada. Huduma yenye mkataba unaokataza data zetu kufunzia modeli inalipiwa, na mfuko hauna kitu. Inaniuma kusema hivi mbele yenu.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia kupata huduma hiyo na kupanua mafunzo. Fomu ziko kwa katibu, na ada inapokelewa leo.

Mwenyekiti