Nimenunua mbegu za maboga, nimevuna mamumunye machungu

Habari zenu ndugu zangu wa kampuni ya mbegu,

Mi ni mteja wenu wa huku Goba. Naandika imeili maana yule wenu wa whatsapp amenizungusha wiki mbili, juzi kaacha kabisa kujibu, tiki za kijivu mpaka leo.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja, vuli ndo zinaanza, nilinunua pakiti yenu ya mbegu za maboga kwenye duka la pembejeo pale Mbezi mwisho, elfu tano. Juu kuna picha ya boga limenona la rangi ya chungwa. Hesabu zangu zilikuwa nyepesi tu, boga linataka miezi mitatu mpaka minne, na mfungo ulikuwa unaanza katikati ya mwezi wa pili, kwahiyo futari yangu inatoka uani kwangu mwenyewe, maana sokoni Ramadhani ikikaribia boga linauzwa kama limekuja na ndege. Nikachimba mashimo sita nyuma ya nyumba, nikayaachanisha mita mbili mbili, nikaweka mbolea ya kuku iliyooza vizuri, mbegu mbili kila shimo. Siku ya nane zimeota kumi na moja, hapo sina neno. Mvua ilipokata nikaanza kumwagilia maji ya kununua kwa boza, na hayo mkayakumbuke mbele ya safari.

Sasa cha kwanza kunishtua ni majani. Nilichuma machanga nipike msusa, na mi kwetu Mkuranga, msusa nimeumenya nyuzi tangu sijaanza shule, najua jani la boga linavyokwaruza vidole. Haya yalikuwa laini kama foronya, na harufu siielewi. Nikajisemea labda ndo mbegu za kisasa, basi nikanyamaza, hapo ujinga wangu.

Alafu jioni moja, saa kumi na mbili na nusu hivi, natoka kuanua nguo naona kitu cheupe kinafunguka pale ukutani. Cheupe! Ua la boga ni la njano, linafunguka alfajiri, nyuki wanalifanyia kazi yao, na mchana limeshasinyaa. Hili linafunguka giza likiingia na wageni wake ni nondo. Mama mkwe alipokuja Jumapili hata kukaa hajakaa, kaangalia mara moja akacheka, "mwanangu haya mamumunye, unataka kufungua duka la vibuyu?"

Na kweli, yakaja yana shingo, kijani mpauko, yana vinyweleo. Mumunye silidharau jamani, likiwa changa ukaliunga na nazi linalika vizuri tu. Nikakata moja, bahati nzuri nikalamba kipande kwanza kabla sijakuna nazi, chungu kama shubiri. Nikaonja ya kila mche, yale yale. Mumunye chungu halipikwi, litakutapisha na kukuharisha mpaka ulazwe, kwahiyo yote kumi na tatu yameishia shimo la taka.

Majibu yenu ndo yameniudhi kuliko hata mbegu. Kwanza naambiwa eti maboga yangu yamechanganyika na mamumunye ya jirani. Jirani yangu ana gereji, hajapanda kitu zaidi ya matairi. Na hata angekuwa nayo, boga na mumunye hayazaliani, na hata boga kwa boga likichanganyika, mabadiliko mnayaona kwenye mbegu za msimu unaofuata, tunda la sasa hivi linafuata mche ulioota. Nyie ni kampuni ya mbegu, haya mi ndo wa kuwafundisha? Siku ya pili naambiwa ningezikagua kabla ya kupanda. Mbegu ya boga ni bapa na nyeupe nyeupe, ya mumunye ni ya kahawia, ndefu, ina mifereji na kichwa kama kimekatwa na kisu. Lakini nyie mmezipaka dawa ya pinki zote mpaka vidole vyangu vimebaki pinki siku mbili, umbo nililishangaa ila nikaamini picha na maandishi yenu.

Naomba elfu tano yangu na hela ya maboza mawili, risiti ya duka ninayo na meseji za malipo ya maji nazo ninazo. Ila kubwa zaidi toeni bechi hiyo madukani, wiki iliyopita nimepita pale pale bado zinaning'inia, kuna mama alikuwa ameshika pakiti mbili nikamwambia weka chini.

Pakiti yangu sijaitupa, lebo ya TOSCI, ile taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, ipo na ndani zimebaki mbegu nne sijazigusa. Nawapa mpaka Ijumaa. Mkikaa kimya naipeleka kama ilivyo kwa TOSCI wenyewe, Sheria ya Mbegu ya 2003 ipo na wao ndo kazi yao. Picha za maua na matunda nimeambatanisha humu. Namba yangu ni ile ile ya whatsapp mliyoacha kuijibu.